UZI: Milima ya Hajar, Oman. Jabali kavu linaloishi kwa zamu za maji

Dereva wa Jabali (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa kutafuta maisha Uarabuni kuna mdau kaandika kwamba Oman "ni jiwe na jua tu, ukishaona Muscat umemaliza". Nimelala na hilo neno. Mimi ni mtu wa Tanga, mwaka wa tisa huu naendesha gari la kupandisha wageni milimani, na hilo jiwe ndilo linalosomesha wanangu. Leo sina safari, chai ya maziwa ipo pembeni, basi acheni nilitetee.

Safu yenyewe inaitwa Hajar, na kwa Kiarabu hajar ni jiwe hasa, kwa hiyo yule mdau hakukosea sana. Imejipinda kama upinde wa mshale, kama kilomita 700: inaanzia Musandam kule kwenye Mlango wa Hormuz, inakatiza Emirati, kisha inafuatana na pwani mpaka karibu na Ras al Hadd. Upande mmoja bahari, upande wa pili jangwa. Katikati, palipoinuka kuliko kote, ndipo Jebel Akhdar, na kilele chake kinaitwa Jebel Shams, kama mita 3,000. Yaani kidogo tu juu ya Ol Doinyo Lengai yetu.

Mvua sasa. Muscat inapata kama milimita 100 kwa mwaka. Uwanda wa Saiq, ulio mita 2,000 juu, unapata kama mara tatu ya hizo. Msishangilie. Dodoma, tunayoilalamikia kila siku kwa ukame, inapata zaidi ya 500.

Nilipofika mara ya kwanza swali langu lilikuwa moja: hawa watu wameishije hapa maelfu ya miaka? Maana si kambi za wafugaji tu hizi. Ni vijiji vya mawe na udongo, ngome, misikiti, mitende inayokwenda mpaka macho yanachoka. Jibu lilinichukua miaka kulielewa. Maji mengi hawajawahi kuwa nayo. Walichokuwa nacho ni hesabu ya maji.

Mfereji wao unaitwa falaj, wingi aflaj. Sisi Waswahili wa huku tunasema falaji tu. Ziko aina tatu. Kuna ile inayochota maji yanayopita juu kwenye korongo, hiyo ni ghaili. Kuna ya chemchemi, aini. Na kuna ile iliyonitoa jasho kuielewa, daudi: wanachimba kisima chini ya mlima mpaka wakutane na maji, kisima hicho wanakiita mama wa falaji. Halafu kunachimbwa handaki la kuyatoa maji pale kwa mama mpaka kijijini, mteremko wake mdogo mno, pengine kwa kilomita kadhaa. Kila baada ya hatua kadhaa kuna shimo la kushukia, kutolea udongo na kupumulia. Ukiwa juu ya kilima unayaona yale mashimo yamejipanga mstari kama vishimo vya bao. Pampu hakuna. Maji yanatembea yenyewe usiku na mchana.

Wenyeji wana hadithi yao: Nabii Suleiman bin Daud alipita Oman, akakaa siku kumi, na kila siku majini wake wakachimba falaji 1,000. Ndiyo maana zikaitwa daudi. Zinazofanya kazi mpaka leo nchi nzima zinakaribia 3,000, na tano kati yake UNESCO iliziandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mbili nazipitia karibu kila wiki: Daris pale Nizwa, na Khatmeen pale Birkat al Mawz, ambapo maji yanagawanyika mikondo mitatu sawasawa kabla ya kuingia mashambani.

Nitaendelea. Ulizeni.

Mkwaju Mchungu

Nimekaa siti ya mbele, kashata mkononi. Shusha nondo mkuu. Na picha je?

Fundi Mfongo

Mleta mada heshima yako. Mimi ni mtu wa Old Moshi, babu yangu alikuwa mtu wa mfongo, yaani mfereji wetu Wachaga, hivyo habari ya maji kutembea bila pampu hainishangazi. Kwetu mfongo unatoka juu mtoni, unazunguka kilima, mtu wa chini anadhani maji yanapanda. Wapare nao wana ndiva, bwawa dogo la maji, wanakinga usiku wanafungulia asubuhi.

Ninachotaka kujua ni ugomvi. Kwetu mifongo imevunja vichwa. Hao wenye maji ya kijiko wanagawanaje bila kuchinjana?

Dereva wa Jabali

Fundi, umeuliza penyewe.

Mwaka wangu wa pili nilikwama na wageni wawili kijijini, upande wa Al Hamra. Pancha ya kwanza nikafunga spea, pancha ya pili nikabaki natazama. Tairi ilikuwa inaletwa kutoka mjini, hivyo tukakaa pale toka saa nne asubuhi mpaka alasiri. Wageni wakalala kivulini. Mimi nikakaa karibu na mzee mmoja aliyekuwa amechuchumaa kwenye kiwanja kitupu, hafanyi kitu.

Kumbe yuko kazini. Katikati ya kiwanja kulikuwa na mti umesimikwa wima, na chini yake mawe yamepangwa mistari. Anaangalia kivuli. Kivuli kilipogusa jiwe, mzee hakusema neno. Akainuka, akaenda kwenye mfereji, akachomoa jiwe lililofungwa matambara kutoka mdomo wa mkondo mmoja, akalitia kwenye mdomo wa mwingine na kulikanyaga kwa kisigino. Maji yakageuka njia. Kwenye shamba la pili kulikuwa na mtu anasubiri miguu mitupu, jembe begani. Aliyekuwa anamwagilia akaacha palepale, hata kama mtende wa mwisho ulikuwa haujashiba.

Kipimo chao kinaitwa athar, ni nusu saa. Athar 24 ni badda, yaani nusu siku. Usiku kivuli hakuna, wanatumia nyota: kila nyota ikichomoza au kuzama kwenye alama fulani, zamu inahama. Anayesimamia mgawo ni arifu, na juu yake kuna wakili wa falaji anayeshika hesabu na fedha.

Halafu hili, Fundi, lilinichanganya sana mwanzoni. Maji na ardhi ni mali mbili tofauti. Nusu saa yako ya maji unairithi, unaiuza, unaikodisha, unaiwekea wakfu msikiti. Kuna mtu ana shamba hana maji, na kuna mwingine ana maji hana hata mtende mmoja, anakula kodi. Falaji yenyewe nayo ina saa zake, zinapigwa mnada, fedha inayopatikana ndiyo inayozibua handaki likiporomoka.

Ila kabla ya mali kuna haki. Mfereji unapoingia kijijini, sehemu ya kwanza kabisa ni ya kunywa, na hapo hakuna zamu wala mwenyewe: mpita njia, mgeni, mimi na wageni wangu, wote tunachota. Inayofuata ni ya msikiti na bafu za kuogea, wanaume kwao na wanawake kwao. Ndipo maji yanaruhusiwa kuwa ya fulani. Mitende inatangulia, mazao ya msimu yanakuja nyuma, kwenye mashamba ya mwisho. Mwaka wa ukame wanaacha vitunguu na majani ya mifugo vife, mtende haufi. Ukiona ukingo wa chini wa shamba umekauka, usidhani ni uvivu. Hesabu yao inaanzia hapo.

Nilimuuliza yule mzee: mbona una saa mkononi na bado unaangalia kivuli? Akaniambia, "Saa hii kaninunulia mwanangu. Inakimbia."

Fundi Mfongo

Hiyo ya kuuza maji bila shamba babu yangu angetupa kofia chini. Lakini hiyo ya kunywa kwanza ni ileile ya kwetu.

Binti Ng'ambo

Asalaam alaykum. Mie nipo Unguja, nasoma kimya kimya toka mwanzo.

Nataka kuuliza habari ya marashi. Bibi yangu (Mungu amrehemu) alikuwa na mrashi wa fedha, maulidi yakisomwa hapo ndani unapitishwa, kila mtu ananyunyiziwa. Marashi yale yakija kwa jamaa huko Manga, kwenye chupa iliyotumika, hayana hata karatasi. Rangi kama chai ya rangi. Yana harufu ya moshi. Haya ya dukani siku hizi meupe kama maji ya bomba na hayana moshi wowote. Bibi akisema "haya si yenyewe". Ni ya huko kwenye jabali lako?

Dereva wa Jabali

Waalaykum salaam dada yangu. Ni ya hukuhuku, na bibi alikuwa anasema kweli.

Ukingoni mwa uwanda wa Saiq kuna vijiji vimening'inia juu ya korongo: Al Ayn, Al Aqr, Ash Shirayjah. Chini yake matuta ya mashamba yameshuka kama ngazi, mengine mapana kama kitanda tu. Mawaridi yanachanua toka mwisho wa Machi mpaka Mei. Yanachumwa alfajiri kabla jua halijayaunguza, kwa sababu likishapanda harufu inaondoka nalo. Ukipita saa kumi na mbili asubuhi kwa miguu, unasikia harufu kabla hujaona ua.

Nyumba ya kupikia ina giza. Jiko ni la udongo, limejengwa kama benchi lenye matundu ya vyungu, ukuta wote mweusi kwa masizi. Maua yanatiwa ndani ya chungu. Juu ya maua kunakalishwa bakuli dogo la shaba. Juu kabisa, chungu kinafunikwa kwa chombo cha shaba chenye kitako cha mviringo kilichojaa maji baridi. Moto ukipanda, mvuke wa maua unagonga kile kitako baridi, unageuka matone, na matone yanadondokea kwenye bakuli. Mpishi anagusagusa maji ya juu, yakipata moto anayamwaga anatia mengine. Kutwa nzima. Mzee niliyemzoea mimi ana vidole ambavyo haviungui tena.

Yakitoka yana rangi na yana moshi. Yanawekwa kwenye mitungi yatulie kwa wiki kadhaa, tope lishuke, ndipo yanatiwa chupani. Zamani kuni zilikuwa za mreteni, mti wa mlimani huku juu. Sasa wengi wanatumia gesi, na yapo majiko ya kisasa ya chuma yanayotoa marashi meupe, safi, mengi. Wageni wananunua hayo meupe. Watu wa hapa, kwa kahawa na halua, bado wanauliza yale ya moshi.

Na wewe mtu wa Unguja ulivyolitaja neno Manga umenikumbusha: huku Jebel Akhdar zao wanalojivunia kuliko yote, hata kuliko waridi, ni komamanga. Koma ni lile tunda la mkoma, manga ni huku. Wazee wetu waliliona tunda likishuka jahazini wakalipa jina la lilikotoka. Pilipili manga hivyohivyo, ingawa pilipili haioti huku hata kidogo, ilipitia tu mikononi mwa wafanyabiashara wa huku.

Nyundo

Samahani kidogo. Mimi nilipiga kazi ya ujenzi Nizwa miaka miwili. Akhdar si maana yake kijani? Kijani kiko wapi? Nimeangalia ule mlima miaka miwili kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, rangi yake ni ya sufuria lililoungua.

Dereva wa Jabali

Hahaha. Nyundo, ulikuwa unaangalia sakafu ya bahari.

Ile miamba ya kahawia na nyeusi unayopita kutoka Muscat kwenda Nizwa kupitia Samail haikuzaliwa nchi kavu. Ni ganda la bahari, pamoja na tabaka lililo chini ya ganda, ambalo kwingine duniani limezikwa kilomita kadhaa chini ya maji. Kama miaka milioni 90 iliyopita lilianza kusukumwa, likapanda juu ya bara la Arabia badala ya kuzama chini yake kama kawaida. Wanajiolojia wanaliita ofioliti ya Samail na wanatoka dunia nzima kuja kulitazama. Nimewahi kubeba kundi la maprofesa, kila baada ya mita 200 "simama, simama". Mmoja alishuka akapiga magoti akagusa mwamba kwa viganja viwili kama anayetayamamu. Humohumo ndimo ilimotoka shaba. Nchi ya Magan inayotajwa kwenye vibao vya udongo vya Mesopotamia kuwa ilipeleka shaba kule ndiyo upande huu.

Jebel Akhdar yenyewe ni mwamba mwingine, wa chokaa, wa kijivu. Huo nao ulikuwa bahari, ila ya kina kifupi. Ukitembea kule Saiq unakanyaga magamba ya konokono wa baharini yaliyogeuka jiwe, mita 2,000 juu. Na chini ya hiyo chokaa, kwenye makorongo yaliyokatika sana, kuna mawe yaliyoletwa na barafu zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Barafu, Oman! Profesa alinieleza mara mbili ndipo nikakubali.

Kijani kipo, lakini lazima upande. Ukifika juu unakutana na mireteni mikubwa yenye vigogo vilivyojisokota, mizeituni mwitu, na mashamba ya matuta ya komamanga, mapichi, aprikoti, mizabibu. Joto la Nizwa likiwa 45 kule juu unavaa koti usiku. Majira ya baridi Saiq maji yanaganda, na kuna miaka theluji inakaa Jebel Shams, siku hiyo Muscat nzima inapanda na watoto.

Mzee wa Faza

Nawasalimu nyote. Mleta mada kijana wangu umesema vyema, lakini umelieleza jabali kama kwamba Waswahili wamelijua juzi kwa ajili ya kazi. Jabali hilo liko kwenye majina yetu.

Kwa mapokeo yetu sisi watu wa kisiwa cha Pate, ukoo wa Nabahani uliotutawala ulitoka Oman, na huko Oman Wanabahani walitawala karne nyingi, kitovu chao Bahla. Ile ngome kubwa ya udongo iliyopo Bahla hadi leo ni kumbukumbu ya enzi yao, nayo UNESCO iliiandika mwaka 1987. Mazrui wa Mombasa asili yao ni pande za Rustaq, ubavu wa pili wa jabali hilohilo. Ukisikia mtu Lamu au Unguja akaitwa Riyami au Kharusi, ni koo za hayo mabonde.

Na waliowatoa Wareno Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, baada ya kuizingira toka 1696, ni majeshi ya Imamu Seif bin Sultan wa ukoo wa Yaaruba. Watu wa kwetu wanamjua kwa mizinga. Kwao Oman wanamkumbuka zaidi kwa falaji: inasimuliwa alitengeneza 17 na kupanda mitende kwa maelfu. Wakamwita Pingu ya Ardhi. Kaburi lake liko Rustaq.

Kalamu Kali

Shikamoo Mzee wa Faza. Naheshimu historia yako, ila naomba nusu ya pili isiachwe. Utajiri wa mitende ya Oman karne ya 19 haukumwagiliwa na majini wa Nabii Suleiman. Kulikuwa na watu waliotekwa bara kwetu, wakapitishwa Zanzibar, wakapakiwa majahazini. Tende aina ya fardh zilizokwenda mpaka New York zilikuwa na jasho la Mnyasa na Myao. Utumwa Oman umefutwa rasmi mwaka 1970, juzi tu. Sisemi uzi ufungwe. Nasema tukitaja marashi ya bibi tutaje na hao.

Mzee wa Faza

Marahaba. Hukukosea.

Dereva wa Jabali

Kalamu Kali, sina ubishi. Pwani ya Batina, kaskazini ya jabali, sehemu kubwa maji yalikuwa yanavutwa visimani kwa ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe walikuwepo watu wa kwetu. Wajukuu wao ni Waomani leo, wana ngoma zao ambazo nikizisikia harusini miguu inazijua kabla ya masikio.

Kiswahili huku kina milango miwili. Kuna hao, na kuna waliorudi kutoka Zanzibar na bara baada ya 1964 na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Siku moja sokoni Nizwa nilikuwa namfokea mtu kwenye simu kuhusu fedha yangu (mwajiri wangu wa kwanza, sitamtaja, alinila miezi miwili). Mzee muuza visu kando yangu, kanzu nyeupe, khanjari kiunoni, akaniambia taratibu: "Punguza sauti mwanangu, hapa si Darajani." Nusura niangushe simu. Toka siku ile kwake ndiko ninakokunywa kahawa.

Na wa leo nao wasisahauliwe. Wengi wanaochomoa yale mawe yenye matambara sasa ni vijana wa Bangladesh. Mwenye maji yuko ofisini Muscat, anakuja Ijumaa.

Mkwaju Mchungu

Uzi umenoga. Wanyama je? Au mbuzi tu?

Dereva wa Jabali

Mbuzi wengi, na punda waliostaafu kubeba mizigo. Lakini kuna mmoja anaitwa tahr, mfano wa mbuzi mwitu mwenye manyoya marefu, anaishi kwenye safu hii tu, Oman na Emirati, hayupo kwingine duniani. Anaruka kwenye kuta ambazo hata mjusi angetafuta njia nyingine. Miaka tisa nimemwona mara mbili, zote kwa mbali. Jina lake la kisayansi limebeba jina la daktari Mhindi, Jayakar, aliyefanya kazi Muscat mwishoni mwa karne ya 19 na alikuwa na ugonjwa wa kukusanya kila kinachotambaa.

Pango la Al Hoota, chini ya Jebel Shams, lina samaki wadogo wa rangi ya waridi wasio na macho. Giza liliwafanya wasiyahitaji.

Ila kisa ninachokipenda ni cha bundi. Mwaka 2013 wataalamu wawili wa kurekodi sauti za ndege walikuwa gizani milimani wanamsikiliza bundi wanayemjua. Nyuma kabisa wakasikia sauti ya bundi wasiyemjua. Dunia ikatangaziwa bundi mpya wa Oman. Baadaye wakapima vinasaba vya bundi mkavu aliyekuwa kwenye makumbusho Uingereza toka karne ya 19, wakagundua ndiye huyuhuyu, alishapewa jina zamani, na lile jina kwa miaka mingi alikuwa anaitwa nalo bundi mwingine. Ikabidi yule mwingine ndiye apewe jina jipya.

Nyundo

Bundi kaporwa jina miaka mia na ushee. Mimi kwenye ile kampuni walinipora jina kwenye karatasi ya mshahara mwezi mmoja tu nikalia.

Swali langu la mwisho: nikirudi Oman kutembea, Corolla itapanda?

Dereva wa Jabali

Haitapanda, na polisi hawatakuruhusu. Pale Birkat al Mawz kuna kizuizi, wanapitisha gari la magurudumu manne tu, wanaangalia mpaka kadi. Si kwa sababu barabara mbovu, ni lami safi. Shida ni kushuka. Wageni wengi wanapanda kwa raha, wakirudi wanakalia breki toka juu mpaka chini. Kuna njia za changarawe zimechongwa pembeni zinazopanda kilima, za kumwokoa aliyeishiwa breki. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilishuka kwa ujuaji wa Tanga, nikasikia harufu kama ya plastiki inaungua, nikajidanganya ni gari la mbele. Mbele hakukuwa na gari. Shuka na gia nzito, breki iguse tu.

Jingine: usiegeshe korongoni hata kama kuna mti mzuri wenye kivuli. Mvua inanyesha mlimani usikoona, wewe huku jua linawaka, na maji yanakuja na mawe. Kila mwaka yanabeba magari.

Ukiwa na siku moja zaidi nenda Al Ayn nyingine, ile ya upande wa Ibri, si ya mawaridi. Kuna makaburi ya mawe yenye umbo la mzinga wa nyuki, yamejipanga juu ya mgongo wa kilima, miaka kama 4,500, nyuma yake Jebel Misht imesimama kama ukuta. Nenda jioni. Na ukipita Tanuf, jina utakalokuwa umeshalizoea kwenye chupa za maji, simama kwenye magofu. Kijiji kile kilipigwa mabomu na ndege za Waingereza kwenye vita vya Jebel Akhdar, vita vya Imamu Ghalib na Sultan Said bin Taimur vilivyoisha Januari 1959 askari wa Kiingereza walipopanda uwandani usiku kwa miguu. Kuta za udongo zimebaki nusu. Falaji inapita pembeni yake mpaka leo, ina maji.

Binti Ng'ambo

Na hayo maji yanatosha mpaka lini?

Dereva wa Jabali

Dada, kule Saiq kuna matuta niliyoyakuta yana mikomamanga, leo yana vigogo. Mvua zimekuwa za kubahatisha. Visima vya pampu vimechimbwa vingi mabondeni, na pampu haijui athar, inavuta tu mpaka mama wa falaji anakauka. Vijana nao wana mishahara mjini. Kupiga magoti ndani ya handaki kutoa tope si kazi ya mtu mwenye kiyoyozi.

Fundi Mfongo

Mkuu nimebaki na moja linanisumbua toka jana. Zamu ya nyota. Mtu amechoka, amelala, nyota yake imetoka, hajaamka. Maji yanakwenda wapi?

Dereva wa Jabali

Zamani yalikuwa yamekwenda, Fundi. Unasubiri mzunguko urudi, siku saba, kumi, kulingana na falaji.

Mwezi uliopita nililala kijijini kwa yule mzee wa kivuli. Saa nane usiku nikasikia simu inaita chumba cha pili, inaita, inakatika, inaita tena. Kumbe wana kundi la WhatsApp la wenye zamu. Mzee mwenyewe, asiyeamini saa, ndiye aliyekuwa uani anapiga, kichwa kimeinuka anaangalia juu, simu sikioni: "Amka bwana, nyota yako hiyo."

Jamaa akatoka na jembe, mguu mmoja una kiatu.